Ukuta Uliojengwa Baada ya Pokrov

Ndugu waombolezaji,

Mpendwa wetu Platon Yegorovich Lapshinov alifariki dunia Jumanne, tarehe 3 Novemba 1887, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, wala si saa tisa kamili kama ilivyobandikwa mlangoni pa baraza la mji, kwa kuwa saa ya chumbani mwake huwahi kwa dakika kumi, na hakufia kwenye jengo akiwa na ramani mkononi, kama inavyosimuliwa sokoni, bali kitandani, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1824 kijijini Zaluchye, mtoto wa nne wa seremala Yegor, akafundishwa kusoma na shemasi, akaingia chuo cha usanifu majengo mjini Petersburg mwaka 1842, akahitimu mwaka 1849, akarudi hapa Starobrodsk kuwa msanifu wa mji, akajenga soko, shule mbili na mnara wa wazimamoto. Tarehe 8 Februari 1853 alifunga ndoa na Glafira Osipovna, wakajaliwa Zinaida, Arkadi, na Pavel aliyetutoka kwa surua akiwa na miaka minne.

Mwaka 1871 alichaguliwa kuwa meya, na kuanzia hapa familia inasoma kama alivyoagiza mwenyewe. Mwaka 1872 alitaka hospitali ya maskini iezekwe kabla ya theluji, akaamuru ujenzi uendelee baada ya sikukuu ya Pokrov, mwanzoni mwa Oktoba, siku ambayo kila mwashi wa kwetu huosha mwiko wake na kuutundika hadi barafu iyeyuke. Msimamizi wa waashi, Yefim Trifonovich Kolchin, alimwambia, “Platon Yegorovich, chokaa hii inaganda kwa baridi tu, haishiki,” naye akamjibu mbele ya mafundi, “Yefim, unaogopa baridi kama bibi kizee, jenga!” Barafu ilipoyeyuka, tarehe 9 Aprili 1873, ukuta wa mashariki ulianguka, ukawaua mafundi Gerasim na Luka. Mji ulisema Yefim na watu wake walikuwa walevi, na meya, aliyejua amri ilikuwa yake, alinyamaza. Yefim alinyimwa kazi, kwa miaka kumi na minne akawa mtengeneza majiko ya matofali huko pembezoni mwa mji, na watoto wakimzomea, “Kolchin, jiko lako litaanguka lini?”

Mwezi Agosti mwaka huu marehemu alishikwa na ugonjwa wa mapafu, na Oktoba alimwita Yefim, akamwomba msamaha, akaapa kwamba ukweli utasomwa mbele ya watu wote. Yefim akasema, “Ungesema mapema, Platon Yegorovich, mke wangu Marfa angesikia. Alikufa akiamini nilikuwa nimelewa.”

Basi isikike leo: Yefim Trifonovich hakuwa amelewa, alionya, hakusikilizwa.

Tunamshukuru Daktari Rudolf Karlovich, majirani waliotuletea kuni na supu, na wajumbe wa baraza. Tunamshukuru Yefim Trifonovich, ambaye jana mjane alimwomba ajenge msingi wa jiwe la kaburi, naye akakubali, ila akasema hatagusa tofali kabla ya Mei, ardhi ikiwa imeyeyuka, na kwamba safari hii Platon Yegorovich atasubiri.

Pumzika kwa amani, Platon Yegorovich, nasi tutasubiri pamoja nawe.