Nafasi Tano za Hema Moja

Mtu mmoja analala kwenye mahema mangapi kwa usiku mmoja? Niliuliza hivyo Alhamisi jioni kwenye benchi la nje ya kibanda cha kinyozi, na wanaume watatu ambao kwa kawaida hujibu hata wasichoulizwa wakaanza kuchungulia vikombe vyao vya kahawa. Kinyozi alikuwa ametoka kujisifu. Kule kambini kando ya ziwa, ambako watu huenda kupiga mahema mwisho wa wiki, alikuwa ameweka nafasi tano za Jumamosi: moja ya kulala yeye, nne za kumzunguka, asije akasikia mtu anakoroma. Kuweka nafasi kule ni bure. Ni kupiga simu tu.

Damu ilinichemka. Dada yangu ni nesi, na Jumamosi hiyo ndiyo siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya wiki saba. Hema alipewa na mwenzake wa wodini, na wanawe wawili wamelisimamisha sebuleni, wiki ya pili sasa. Kochi liko koridoni na sisi tunakula tumesimama. Kambini wakamwambia kumejaa, yeye ni wa nne kwenye orodha ya wanaosubiri. Na mwisho wa kufuta nafasi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo orodha inafungwa, mtu aje asije. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

— Futa nne, kaka, nikamwambia.

Breki, dereva wa lori anayeitwa hivyo kwa sababu akianza kuongea hazishiki, alinidaka kabla sijafunga mdomo. Kufuta nafasi ni kumvunjia heshima mwenyeji, alisema. Yeye ana nafasi za miezi mitatu mbele, hajawahi kufuta hata moja wala kwenda hata mara moja, na kule wanamjua kama mtu mwenye msimamo. Mwalimu mstaafu, tunayemwita Kamusi, akaongeza kwamba nafasi tupu inapumzisha nyasi, kwa hiyo asiyetokea anastahili cheti cha kutunza mazingira. Breki akapanda juu zaidi: wenye kambi wenyewe huwapenda wasiokuja, kwani hawaachi takataka, hawawashi moto, hawaulizi choo kiko wapi.

Hapo nikawashika. Benchi letu lina sheria. Ukiinuka, unafunika kikombe chako pale ulipokaa, na nafasi ni yako mpaka muuza kahawa apite tena. Ukichelewa, imekwenda. Jioni hiyo hiyo Breki alikwenda kusogeza lori, akarudi akakuta Kinyozi amekiondoa kikombe chake na kumkalisha mteja, na hakuna aliyemtetea. Kufunika vikombe viwili ndiyo kabisa, hata Kamusi hathubutu.

— Sasa kwa nini ubao huu una adabu kuliko ziwa zima?

— Wakili, hapa tunaonana, Kamusi alisema, akiniita kwa jina langu la benchini.

Kinyozi alikung'uta taulo ambalo halikuwa na unywele hata mmoja.

— Mimi kufuta sijui, mdogo wangu. Nitasema nini?

Akaeleza kwamba maishani mwake hajawahi kughairi kitu bila msiba. Mwaka jana alishindwa kwenda harusini akamzika mjomba wake aliye hai, na mpaka leo akimwona mjomba huyo anavuka barabara. Basi benchi zima likachangamka. Breki alishauri homa. Kamusi akasema homa inafuta nafasi moja tu, nne zinahitaji ukoo mzima uugue. Breki akataka kibanda kiwe kimeungua. Kamusi akapendelea mafuriko, maana moto huacha majivu na watu huja kutazama. Walikuwa wamefikia kumvunja Kinyozi miguu yote miwili, wanabishana juu ya plasta tu, dada yangu alipotokea, bado yuko kwenye sare, macho mekundu kwa usingizi. Zilibaki dakika nane.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na nilikuwa nimejiandaa kuendelea. Yeye hakugomba. Aliketi pembeni mwa benchi akamgeukia Kinyozi.

— Kaka, ulipoweka nafasi, walikuuliza sababu?

Kamusi akavua miwani. Kinyozi alitazama saa iliyo juu ya kioo chake, zimebaki dakika tano, kisha akajaribu bahati yake: afute tatu, abakishe moja ya upande wa kichwani.

— Mimi ni wa nne, dada alisema.

Kinyozi akapiga. Simu iliita kwa muda, kisha sauti ya mwanamke ikapokea. Kinyozi alisalimia, akakohoa, akauliza hali ya hewa ya huko. Mbele yake Breki alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili, amekunja uso, akimkumbusha mguu uliovunjika. Kinyozi akampa mgongo.

— Dada, niliweka nafasi tano za Jumamosi. Sina mgonjwa wala msiba. Naomba unifutie nne.