Mlango Alioshindwa Kuufungua Bibi Pindo

Krr... krr... Hakujapambazuka, komeo la chuma lakwaruza. Wasikilizaji wapendwa, huyo alikuwa Bibi Pindo, akihangaika kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akashindwa. Akauacha.

Bibi Pindo, tunayemkumbuka leo, alikuwa mshona nguo. Jina alipewa na majirani, maana pindo lake halikufumuka. Sebule yake ilijaa watu wakingoja nguo na kupiga soga. Kisha kiharusi kikauchukua mkono wake wa kulia na miguu, akawa wa kiti cha magurudumu. Mwanawe, fundi wa kuchomelea, akaogopa wezi. Akamwekea mlango wa chuma, mzito kama wa ghala.

"Mwanangu, mlango huu siuwezi."

"Utazoea tu, mama. Usalama kwanza."

Utazoea! Mnasikia? Mkono mmoja umelala, anaambiwa atazoea! Wageni walibisha, yeye ndani akivutana na komeo, wao wakaondoka wakidhani amelala. Mwishowe hawakuja tena. Sebule ikanyamaza.

Na mwana huyu hakuwa mbaya. Kila jioni alimkanda mama mkono, taratibu, kwa mafuta ya uvuguvugu. Hapo ndipo panapoudhi. Mkono ule ule aliushika kila jioni, na bado hakuuona.

Dada yake alimsihi mara nyingi: "Jiweke mahali pa mama." Hakusikia. Siku moja dada akachoka kusema. Akamkalisha kwenye kiti cha mama, mbele ya mlango, akamfunga mkono wa kulia kwa mtandio.

"Mlango wako uliujaribu umesimama, mikono miwili, kifua mbele. Haya, kidume, fungua sasa."

Fundi akavuta. Akasukuma kwa bega. Jasho likamtoka. Komeo halikutikisika.

Bibi Pindo akamtazama. "Utazoea tu, baba."

Siku hiyo hiyo fundi akaung'oa mlango, akaweka wa mbao, mwepesi, wa kusukuma kwa kiwiko. Majirani wakarudi, lakini si wote. Wengine walishahama, na shoga mkubwa wa Bibi Pindo alishazikwa bila kuagana naye. Hao nani atawarudisha?

Tunawapa pole fundi na dada yake kwa kuondokewa na mama. Nanyi wasikilizaji, mzazi akisema hawezi, msimjibu mkiwa mmesimama. Kaeni kwenye kiti chake kwanza.

Jana waombolezaji walipoanza kuaga, fundi aliwafuata hadi nje.

"Mje tena, jamani," alisema. "Hata kama mama hayupo, mje."