Phulkali Kesarwani, Sauti ya Hema la Waliopotea (1951–2024)

Mama mkwe wangu, Phulkali Kesarwani, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kijiji kimoja huko Handia, binti wa tatu wa muuza nafaka. Alisoma hadi darasa la tano tu, lakini kwa hesabu za kichwa alinishinda mimi niliyemaliza chuo.

Mei 1968 aliolewa na Baijnath Kesarwani, muuza madumu ya maji matakatifu ya mto Ganga hapa Daraganj, mtaa wetu wa kando ya mto. Mimi mkamwana, ambaye kwa desturi simtaji baba mkwe kwa jina, namtaja leo kwa ruhusa yake. Walijaliwa Girijesh, ambaye ni mume wangu, na Sulochana. Kama wanawake wengi wa rika lake, Mama hakulitaja jina la mumewe, kwani waliamini kulitaja kunampunguzia mume miaka ya kuishi. Alimwita Baba Girijesh, naye akaitwa Mama Girijesh. Kabla Girijesh hajazaliwa, waliitana "Wewe, unasikia?"

Tangu Kumbh ya 1977, ile sikukuu ya mamilioni ya watu kuoga mtoni, alijitolea kutangaza kwa kipaza sauti kwenye hema la waliopotea, pale mito inapokutana. Wanaume kazi hiyo iliwatoa jasho. Bibi aliyepotea akiulizwa mumewe ni nani, alijibu, "Si yule baba yao!"

"Baba yao nani?"

"Huyo huyo!"

Mama alimpa chai, akaanza taratibu: "Dada, jina lake ni la mungu? Yule mwenye kichwa cha tembo?" Bibi akicheka kwa aibu, mumewe anatangazwa: Ganesh.

Tarehe 15 Februari 2013, siku ya kuoga ya Kumbh, Baba mkwe alitoka nyumbani kumpelekea Mama mikate ya puri na viazi. Mzaliwa wa Daraganj akapotea Daraganj. Sindano yake ya kisukari ilikuwa imechelewa kwa muda wa saa tatu. Mama akamtangaza "Baba Girijesh", wakaja Baba Girijesh wawili, wa kwetu hayumo. Mtangazaji mwenzake akajitolea kumtaja kwa jina.

"Sauti yako haijui," Mama akasema. "Yangu ameisikia miaka arobaini na mitano."

Akalitaja jina la mumewe mara tatu. Nilikuwa nimesimama kando yake, nami niliogopa.

Baba akatokea na kopo lake la chakula. "Mwanamke wewe! Umenitangaza kwa dunia nzima!"

"Ungekuja mwenyewe ningenyamaza. Kaa, udungwe sindano."

Halafu akalia. Tangu siku hiyo alifunga kila Jumatatu, kumrudishia mumewe miaka aliyodhani amempunguzia. Tulimsihi aache, hasa moyo ulipoanza kumsumbua mwaka 2022, akatuambia tushughulike na yetu.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu, miezi miwili kabla ya Kumbh aliyoisubiri kwa hamu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuuliza kama Baba Girijesh amekula.

Ameacha mume mwenye miaka sabini na tisa, watoto wawili na wajukuu watano.

Juzi tulipeleka majivu yake kwenye makutano ya mito. Baba, ambaye kwa miaka hamsini na sita hakuwahi kumwita kwa jina, alisimama ndani ya mtumbwi, Girijesh amemshika kiuno, akatangaza mara tatu kama wanavyotangaza hemani:

"Phulkali Kesarwani wa Daraganj! Phulkali! Mumeo yuko hapa, anakusubiri."

Mama, pumzika salama.