Rodelio Macaspac, Aliyedaka Glasi za Wenzake

Baba Padri, shangazi Puring, majirani, na ninyi mliotoka Manila asubuhi ya leo, mimi ni Marivel, mdogo wake marehemu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Kaka Rodelio, tuliyemwita Odel, alizaliwa tarehe 14 Juni 1989 hapa Guagua, mtoto wa kwanza wa baba Isko na mama Belen, wote sasa marehemu, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akafika kidato cha pili, na siku za mafuriko alinibeba mgongoni mpaka darasani ili viatu vyangu visilowe, vyake akivishika mkononi.

Baba alipofariki mwaka 2005, Odel alikwenda Manila kubeba mizigo soko la Divisoria, akapanga kitanda, kodi ikamshinda, akahamia chini ya daraja pale Quiapo, akaanza kunusa gundi ya viatu ili njaa inyamaze, baadaye akaingia kwenye pombe kali. Mama alimfuata kumrudisha, yeye akamnunulia uji wa wali wenye tangawizi, akamchekesha, akampandisha basi arudi peke yake.

Hakufunga ndoa, lakini chini ya daraja alikuwa na watu waliomwita Kaka, na leo nimewasikia wakilitamka neno hilo kama lao, likaniuma, maana lilikuwa langu kabla hawajalijua. Nenita, mmoja wao, amekuja amevaa shati la Odel, na ndiye aliyemkanda miguu ilipovimba, ndiye anayejua alilalia ubavu gani, mimi sijui.

Pale darajani glasi ni moja, inazunguka, ikikufikia huruhusiwi kuirudisha imejaa, ila mwenzako anaweza kukudakia, akainywa yeye. Mwaka 2019, Nenita akiwa mjamzito, Odel alizidaka glasi zake zote, na za mzee Temyong mwenye kifua pia. Machi 2022 daktari alimwambia ini limeharibika, aache pombe, naye akatii, zamu yake ikifika akawaachia wengine, lakini za wagonjwa akaendelea kuzidaka, na daktari alipomuuliza alijibu kwa moyo mweupe, "Sinywi tena, daktari. Hizo ninazodaka ni za wenzangu." Nenita alinisimulia hayo jikoni, tukacheka sote wawili, kisha nikamwonea wivu kwa kuwa yeye alikuwepo.

Tarehe 3 Oktoba 2023 alitapika damu, wenzake wakamlaza kwenye mkokoteni wa mizigo, wakausukuma mpaka hospitali, na tarehe 5 alfajiri akafariki, akiwa na umri wa miaka 34.

Hakuacha mtoto wa kumzaa. Kabla jeneza halijatoka, watoto wadogo wa ukoo watavushwa juu yake, ili marehemu asiwarudie kwa kuwapenda mno, na Nenita ameomba mwanawe naye avushwe. Shangazi alimjibu, "Huyo si damu yetu, mwanangu. Odel atamfuata mtoto wa watu kwa lipi?" Maneno hayo yalinifurahisha, maana mtoto huyo anaitwa Odel, jina nililokuwa nimemtunzia mwanangu, nikajifungua msichana, Analyn. Lakini, shangazi yangu, tangu nimsikie Nenita pale jikoni, naona kwamba kama kuna mtoto ambaye kaka atamrudia, ni huyu, aliyedakiwa glasi na kaka kabla hajazaliwa. Naomba avushwe wa kwanza, Analyn wangu afuate.

Tunamshukuru daktari aliyemweleza ukweli bila kumkemea, wauguzi waliomfunika shuka safi, majirani mliotupikia kahawa tangu msiba ulipoanza, wabeba mizigo mliousukuma mkokoteni, na mzee Temyong, aliyeshika mkono wake njia nzima huku mwenyewe akikohoa. Nenita, shati ni lako, usilivue.

Kaka Odel, kaka yangu, na kaka yao pia, huko uendako hakuna glasi ya kumdakia mtu, pumzika kwa amani.