Aliyesema "Kata"

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenikabidhi historia yake, nami nitasoma yale tu niliyoyathibitisha.

Marehemu, kitindamimba wetu, ambaye watazamaji walimwita Machozi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1998, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi kuanzia 2005 hadi 2011, kisha sekondari hadi 2015, ambako yeye na mwanafunzi mwenzake, Swahiba, waligombea nafasi moja ya kikongwe katika mchezo wa kuigiza, wakagawana, huyu Ijumaa, yule Jumamosi, na tangu hapo wakawa chanda na pete.

Mwaka 2019 waliajiriwa pamoja katika tamthilia ya televisheni. Mwaka uliofuata Swahiba alidhani kilio cha mwenzake ni cha kweli, akamkumbatia, onyesho likaharibika, marehemu akamnunia wiki nzima, ndipo wakakubaliana kwamba hakuna kumgusa mwenzako mpaka mwongozaji aseme "kata".

Hakuoa wala hakujaliwa mtoto. Inasemwa alikuwa na mchumba, sina ushahidi, naliacha.

Januari 2024 alipewa nafasi ya mfungwa mgonjwa, akatakiwa apungue kilo kumi na mbili kwa wiki sita, akawa anameza vidonge, na mama alipomsihi ale alijibu, "Mama, kamera inaninenepesha, na wewe unaisaidia?" tukacheka, nami nilicheka.

Tarehe 21 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi, alianguka akiigiza. Yamesemwa mengi, kwamba Swahiba, aliyeigiza askari jela, alimwacha afe ili abaki nyota peke yake. Nimeitazama kanda ile mara kumi na moja. Mwongozaji alinyamaza dakika nne kwa sababu, kwa kauli yake mwenyewe, "ilikuwa inapendeza mno", na Swahiba anasikika mara tatu akinong'ona maneno yasiyomo katika hati ya tamthilia, "Machozi, nikonyeze basi", na "kata" inayofuata, ambayo wengi mnadhani ni ya mwongozaji, ni sauti ya Swahiba.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 23 Februari, moyo ukiwa umeshindwa kufanya kazi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake waliotoa kanda hiyo. Swahiba amesimama nje ya geti tangu asubuhi; aingie, mpini wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, hatujampa mtu.

Tunaomba simu zizimwe. Kitindamimba, hakuna anayekurekodi sasa, pumzika kwa amani.