Vitambaa vya Kaburi vya Bibi Motrya

Ndugu, majirani, na nyinyi mama zetu wa ukumbi wa kusuka nyavu za askari, mimi ni Tymko, mjukuu, familia imenisukuma mbele nisome, shule yangu mnajua ilipoishia, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Bibi yetu, Motrona Hnativna Zaruba, mliyemwita Motrya, alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1947, hapa hapa Verbivka, mkoa wa Poltava, baba yake hakumwona, alikufa kwa njaa miezi michache kabla, akashushwa kaburini kwa kamba ya kisima, kwa sababu vitambaa vyote vya kudarizi vya nyumba ile, ambavyo kwetu ndivyo hushushia jeneza, vilishabadilishwa kwa unga.

Alisoma hapa kijijini mpaka 1962, akaingia kiwanda cha kudarizi mjini, akakaa huko mpaka 1991, akishona nyota nyekundu na sura za wakubwa, na siku msimamizi alipomwambia aache lugha ya kijijini, aongee Kirusi kama watu, alimjibu, "Nyota zako nitakushonea, ulimi wangu niachie," akakosa kupandishwa cheo mpaka anaondoka, lakini nyumbani alidarizi kama mama yake alivyomfundisha, uzi mweupe juu ya kitani cheupe, kazi ambayo ukisimama mbali huoni kitu, mpaka uiguse.

Tarehe 8 Novemba 1969 aliolewa na babu Yukhym, dereva wa trekta, wakampata mama yangu Halyna mwaka 1972 na mjomba Ostap mwaka 1975, ambaye leo yuko vitani mstari wa mbele, ruhusa ya kuja kuzika hakupata, na babu alipotutoka mwaka 2004, Bibi akaanza kufunga bunda lake la kifo, kama mama zetu wote wanavyofanya, shati, kilemba, na vitambaa viwili virefu vya kushushia jeneza, akatuambia, "Mkinishusha kwa kamba kama ndoo, nitarudi niwachape."

Sasa mnakumbuka Januari 2023, theluji mpaka magotini, vijana wetu walioko vitani wanaomba nyavu nyeupe za kujifichia, na ukumbini kitambaa cheupe kimekwisha, Bibi akaingia na bunda lake, jirani yetu Fedora akapiga kelele, "We Motrya, umechanganyikiwa? Hivyo si vya kaburi lako?", naye akasema, "Mimi huko chini nani ataniona? Asiyetakiwa kuonekana ni mtoto aliye handakini, shika hapo, vuta," wakapasua kazi ya miaka kumi na minane, huku Fedora analia, Bibi anamwambia asilowanishe kitani.

Novemba iliyopita alipata kiharusi, akapoteza maneno, akabaki ananionyesha kidole kwenye sanduku tupu lililokuwa na bunda lake, mimi nikijua anauliza atashushwa kwa kitambaa gani, akafariki tarehe 3 Februari 2025, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia hata umeme ulipokatika, wenzake wa kiwandani, majirani, na wewe mama Fedora, uliyepita nyumba kwa nyumba, kila mama akatoa kitambaa alichojiwekea mwenyewe, mkaviunga usiku kucha, vyekundu, vyeusi, na kimoja cha majogoo ambacho Bibi angeuliza kama aliyekidarizi alikuwa amefumba macho.

Wanaume, vishikeni vizuri, msivute kwenye mishono.

Shuka taratibu, Bibi, upumzike kwa amani, kamba tumeiacha kisimani.