Hapohapo Anatuachia Twita

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana hii ya spika. Jina lake la kwenye kitambulisho tulishalisahau. Sote tunamwita Hapohapo. Mimi ni seremala wa makasha, nimeambiwa niandike kwa furaha, na furaha yenyewe siioni.

Aliajiriwa kupaka rangi, akanaswa na spika za honi, zile zenye mdomo mpana kama tarumbeta, tunazoziunda wenyewe kwa mbao. Zinanguruma vizuri, ila maneno hutoka yamefunikwa, ndiyo maana zinahitaji twita, kispika kidogo cha sauti nyembamba. Kazi ni kupata mahali pa kukiweka. Ukikifunga ndani ya mdomo wa honi, mwimbaji husikika kama mtu mmoja, lakini kinaziba njia na sauti nene inachafuka. Ukikiweka juu ya kasha, njia iko wazi, lakini sauti nyembamba inatangulia, maana ile nene inatoka mbali, ndani kabisa kwenye koo la honi. Niliposema wateja hawajui tofauti, alininunia wiki nzima.

Alichagua juu, kisha akawa anairudisha twita nyuma taratibu mpaka sauti zifike pamoja. Mmoja wetu huisogeza kwa vidole, yeye ameketi kwenye kigoda, amefumba macho. Akiinua mkono na kusema hapohapo, tunakaza skrubu. Kuna siku aligoma kuinua mkono asubuhi nzima, kumbe dereva wa karakana alikuwa ameacha kofia yake juu ya kasha, mbele ya twita.

Jumatatu tulikuwa tukimalizia jozi yake mwenyewe, zawadi ya kumuaga. Nilisogeza, nikasogeza, twita ikafika ukingo wa nyuma, mkono haujapanda. Akafumbua macho, akauliza kwa upole:

“Mbona hamjaiwasha?”

Ilikuwa inalia tangu mwanzo. Akaitazama taa ya amplifaya, akaona inawaka, akaelewa. Mkewe, aliyekuja kuiona zawadi, alituambia pembeni kwamba nyumbani mumewe hasikii tena kengele ya mlango. Fundi mwenyewe alinipa bisibisi, akaniambia nikaze nitakapoona panafaa, akaenda kunawa mikono.

Nimekata tamaa, na sina sababu ya kuficha. Miaka yote hiyo tuliutazama mkono wake. Kusikiliza tulimwachia yeye. Oda za honi bado zipo, mbao zipo, mwenye masikio ndiye hatunaye.

Fundi, asante kwa kila wimbo uliotoka hapa ukiwa mzima. Tunakuombea siku nyepesi, wewe na shemeji, na afya ya kuzifaidi. Zawadi yako itachelewa, utusamehe. Tumekaa wote kwa zamu kwenye kigoda chako, tumefumba macho, na hakuna aliyeinua mkono.